Areoli, au jicho la kaktasi

Saguaro iliyokomaa huweza kupita mita 12 kwa urefu na kuwa na uzito wa tani sita au zaidi. Kwao ni jangwa la Sonora, linaloanzia kusini mwa Arizona nchini Marekani na kuingia kaskazini mwa Mexico. Shina lake husimama wima kama nguzo, ndiyo maana inahesabiwa katika kundi la kaktasi nguzo. Jina lake la kisayansi ni Carnegiea gigantea, walilolitoa wataalamu wa mimea Britton na Rose mwaka 1908 kwa heshima ya tajiri Andrew Carnegie. Istilahi ninayoieleza hapa, hata hivyo, inahusu kidoa kwenye ngozi ya mti huo, kidogo kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole: areoli.

Shina la saguaro lina matuta yanayopanda kutoka chini hadi kileleni. Juu ya kila tuta kuna safu ya vidoa vyenye manyoya mafupi mazito, na katika kila kidoa umechomoza mkungu wa miiba. Kidoa hicho ndicho areoli. Katika mimea mingi, penye kikonyo cha jani pana chipukizi linalosubiri kuwa tawi. Kaktasi nyingi zimepoteza majani, ila chipukizi limebaki, limefupishwa mno hata halionekani tena kuwa tawi. Miiba ni majani yake yaliyogeuka. Kila kinachotoka katika shina la saguaro, yaani miiba, maua na ile mikono mikubwa inayoelekea juu, hutokea kwenye areoli.

Neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ya asili ni kiwanja kidogo. Kulitohoa kuwa areoli ni sawa: linatamkika, linaingia katika ngeli ya i-/zi- bila shida, na mwanafunzi wa biolojia atalitambua akilikuta katika lugha nyingine. Lakini Kiswahili hakikuanza leo kutaja mahali mmea unapochipulia. Mkulima wa muhogo akikata kipando huhesabu macho. Anayepanda viazi mviringo hutafuta jicho, na mwenye miwa vilevile. Hivyo jicho la kaktasi ni tafsiri ninayoitetea kwa moyo wote. Nimewahi kusikia watu wakipendekeza doa au kinundu. Doa hueleza rangi tu. Kinundu hueleza umbo, tena si kwa kila spishi, maana zipo ambazo areoli zake zimebonyea. Jicho hueleza kazi, na kazi ndiyo jambo la msingi. Kitabu cha shule kiandike areoli. Bustanini na kwenye kitalu tuseme jicho, na kila mtu ataelewa.

Faida ya istilahi hii huonekana mtu anapokutana na ile miti mikubwa ya mbugani Afrika Mashariki, yenye matawi manene yaliyoelekea juu, ambayo wengi huiita kaktasi. Mmojawapo ni Euphorbia candelabrum, ndugu wa mnyaa unaopandwa kuwa ua. Ukiikaribia, hutaona jicho lenye manyoya. Miiba yake hutoka miwilimiwili kwenye kigamba kigumu. Ndani ina utomvu mweupe mkali, ambao ukiingia machoni waweza kumpofusha mtu, kwa hiyo usikate tawi ili kuhakikisha. Tazama miiba tu, inatosha. Jamii ya kaktasi asili yake ni mabara ya Amerika. Spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, ile nyembamba inayoning'inia mitini bila miiba, inapatikana pia porini Afrika.

Mpungate, yaani kaktasi ya jenasi ya Opuntia, uliletwa Afrika na watu. Huko Laikipia nchini Kenya, Opuntia stricta imevamia malisho, na mifugo inayokula matunda yake huumizwa na vijiba vya miiba. Ukijua jicho ni nini, utaelewa kwa nini kuufyeka na kuuacha chini hakusaidii. Bapa lililoanguka lina macho yake, na macho hayo hutoa mizizi na machipukizi mapya.

Saguaro haina haraka hiyo. Katika miaka minane ya kwanza hukua sentimita tatu hivi, mara nyingi chini ya kivuli cha mti mwingine unaoikinga na jua na baridi. Ua la kwanza hupatikana ikiwa na miaka 35 hivi, na mkono wa kwanza kati ya miaka 50 na 70, hata zaidi penye ukame mkali. Maua meupe hutoka kwenye macho ya karibu na kilele, hufunguka usiku na kufunga alasiri inayofuata, na huchavushwa na popo, njiwa na nyuki. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa la Sonora, huangua matunda yake mwanzoni mwa kiangazi kwa miti mirefu iliyotengenezwa kwa mbavu za saguaro zilizokufa, kisha huyachemsha kupata sharubati nzito. Kwao mavuno hayo ndiyo mwanzo wa mwaka mpya.

Anayetaka kuikuza aanze na mbegu, tena za kitalu kinachoaminika, kwa kuwa biashara ya kaktasi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES, na Arizona yenyewe hairuhusu kuing'oa bila kibali. Zimwage juu ya mchanga wenye changarawe laini bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Funika chungu kwa plastiki angavu ili unyevu usitoroke, na ukiweke mahali pa joto pasipopigwa na jua moja kwa moja. Zikishaota, zizoeshe hewa na mwanga polepole. Mche ukikosa mwanga hurefuka na kukonda, na sehemu hiyo nyembamba hainenepi tena vizuri.

Maji ndiyo huua nyingi. Mwagilia mpaka yapite chini ya chungu, kisha subiri udongo ukauke kabisa. Usizike macho ya chini unapohamishia mche kwenye chungu kikubwa, kwani ngozi iliyofukiwa huoza upesi. Weka alama upande ulioelekea jua na uuelekeze vilevile pahali papya, la sivyo ngozi isiyozoea jua itaungua. Mkono wa saguaro uliokatwa ni nadra kutoa mizizi, tofauti na kaktasi nguzo za jenasi ya Cereus, ambazo kipande chake kikikaushwa kidonda siku kadhaa kabla ya kupandwa hushika vizuri. Na ikitokea kilele kimevunjika au kimeliwa na baridi, usiutupe mmea haraka: ikiwa shina lililobaki ni gumu na halitoi maji meusi ya kuoza, jicho lolote chini ya jeraha linaweza kuamka na kutoa mkono.