Pictou, Bandari ya Waskoti

Pictou ni mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Nova Scotia, nchini Kanada, katika ardhi ya asili ya watu wa Mi'kmaq. Familia chache zilihamia hapo mwaka 1767 kutoka makoloni ya Marekani, lakini tabia ya Kiskoti ya mji huo ililetwa na merikebu moja chakavu, Hector.

Baada ya kushindwa katika mapigano ya Culloden mwaka 1746, watu wa nyanda za juu za Skotlandi walikatazwa mavazi yao ya jadi, na kodi za mashamba zikazidi kupanda. Wakala John Ross aliwaahidi nauli ya bure hadi Pictou, shamba na chakula cha mwaka mzima. Mwezi Julai 1773 Hector ilitweka tanga kutoka Loch Broom ikiwa na abiria karibu 190. Mbao zake zilikuwa zimeoza kiasi cha kubanduka kwa kucha. Ndui na kuhara damu viliua watu 18, wengi wao watoto, na dhoruba ikairudisha merikebu nyuma hadi akiba ikaisha. Abiria mmoja, Hugh MacLeod, alikuwa ameokota vipande vya mikate vilivyotupwa kwa kuota ukungu. Ndivyo vilivyoliwa mwishoni. Walifika tarehe 15 Septemba.

Mashamba waliyoahidiwa hayakuwepo. Msitu ulishuka hadi ufukweni, nao hawakuwahi kuangusha mti kwa shoka. Viwanja walivyogawiwa vilikuwa mbali na bahari, na walipovikataa wakanyimwa chakula. Ndipo baadhi yao walipowafunga kamba mawakala na kuchukua akiba, huku wakiandika kila walichotwaa ili kilipwe baadaye. Ni vigumu kuwaita wezi watu wa namna hiyo. Wengi walikwenda Truro kutafuta kibarua cha kuwavusha majira ya baridi. Waliobaki walifundishwa na watu wa Mi'kmaq kuwinda na kutengeneza viatu vya kutembelea juu ya theluji. Bila msaada huo, ambao haustahili kusahauliwa, wengi zaidi wangeangamia.

Msitu uliowatisha ndio uliowatajirisha. Napoleon alipoifungia Uingereza njia ya mbao za Baltiki, misonobari ya Pictou ilipata soko kubwa, na mfanyabiashara Edward Mortimer akatawala biashara hiyo. Meli zilizopeleka magogo zilirudi na wahamiaji wapya.

Mwaka 1816 mchungaji Thomas McCulloch alianzisha Pictou Academy, kwa kuwa chuo cha Windsor, Nova Scotia, kilitoa shahada kwa Waanglikana peke yao. Mwanajiolojia William Dawson, aliyekuja kuongoza chuo kikuu cha McGill, alisoma hapo.

Mgeni wa leo hukuta gatini mfano wa Hector ulioshushwa majini mwaka 2000, nyumba za mawe za mtindo wa Kiskoti, na makazi ya McCulloch yaliyogeuzwa makumbusho.