Marubani waligombania foleni, na mimi nimeletewa karatasi nisaini

Najua nimepotea, mitihani jamani.

Juzi usiku kaka mmoja wa bweni letu kaja chumbani na karatasi. Anataka nisaini tujitoe kwenye kamati ya bweni, tuunde ya kwetu. Chanzo ni kwamba tulipochanganywa na wenzetu waliohamishiwa hapa, orodha ya vyumba ilipangwa upya, na wengi wetu wa mwaka wa tatu tukajikuta nyuma ya madogo wa mwaka wa kwanza. Nikamwambia niachie nifikirie. Kilichonijia kichwani ni ile insha ya semina niliyoandika kuhusu vyama vya marubani wa Marekani, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Chama chao kikubwa kinaitwa ALPA, kilianzishwa mwaka 1931. Kukimbiwa na wanachama si kitu kigeni kwake: mwaka 1963 marubani wa American Airlines walijitoa wakaunda chao, APA, ambacho kipo mpaka leo. Lakini ugomvi ulionikosesha usingizi mimi ni wa US Airways.

Kwanza muelewe foleni yao. Rubani anapoajiriwa anapewa namba kwenye orodha ya ukongwe. Hiyo namba ndiyo inayoamua ndege atakayorusha, kituo chake, ratiba, lini atakuwa kapteni, na nani aanze kupunguzwa mambo yakiharibika. Akihamia kampuni nyingine anaanza mkiani hata kama ana mvi kichwa kizima. Yaani namba ndiyo maisha yenyewe.

Basi, mwaka 2005 US Airways, iliyokuwa imeomba ulinzi wa kufilisika mara mbili, 2002 na 2004, ikaungana na America West ya Arizona. Marubani wa US Airways, walioitwa wa Mashariki, walikuwa kama 5,100. Wa Magharibi kama 1,900. Wa Mashariki walikuwa wameshaumia: mishahara imekatwa, pensheni yao imefutwa mwaka 2003, na kama 1,700 wako nyumbani wanasubiri kuitwa. Wote walikuwa wanachama wa ALPA, ndugu wa chama kimoja.

Wakashindwa kuelewana jinsi ya kuchanganya orodha. Mashariki walitaka ihesabiwe tarehe ya kuajiriwa. Magharibi wakasema, sisi kampuni yetu ilikuwa na nafuu, kwa nini mtupande kichwani? Kwa utaratibu wa chama suala likaenda kwa msuluhishi, George Nicolau, na uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Mei 2007 akatoa orodha. Juu kabisa aliweka wakongwe kama 500 wa Mashariki kwa sababu ya ndege kubwa walizorusha, waliobaki kazini akawachanganya, na wale waliokuwa nyumbani akawaweka chini. Kwa hiyo mtu mwenye miaka zaidi ya kumi na mitano akajikuta chini ya kijana aliyeajiriwa juzijuzi tu. Mimi ningelia, sikufichi.

Mashariki hawakulia. Walipiga hesabu. Sisi ni wengi, tukiitisha kura tunaing'oa ALPA. Wakaunda chama chao, USAPA, na Aprili 2008 kikashinda. Magharibi, wapende wasipende, sasa waliwakilishwa na chama kilichoundwa ili orodha iliyowapendelea isitumike! Wakaenda mahakamani. Mwaka 2009 jopo la raia kule Phoenix likawapa ushindi, 2010 mahakama ya rufaa ikasema ni mapema mno, kisha 2015 mahakama hiyohiyo ikasema USAPA haikuwatendea haki.

Bila orodha moja hakukuwa na mkataba mmoja wa kazi. Kila upande ukaendelea na mkataba wake wa zamani, na Mashariki wakabaki na mishahara ya enzi za kufilisika kwa miaka. Ila msiwaone wajinga. Nafasi za wakongwe wao waliostaafu zilibaki kwao, hazikugawanywa na Magharibi. Hapo ndipo nilipokwama kwenye insha yangu, maana nilitaka sana kumpata mkosaji mmoja.

Mnaikumbuka ile ndege iliyotua mto Hudson, Januari 2009? Ilikuwa ya US Airways. Rubani msaidizi, Jeffrey Skiles, alishawahi kuwa kapteni akarudishwa kiti cha kulia kampuni ilipopunguza watu. Kapteni Sullenberger mwezi uliofuata aliliambia Bunge la Marekani kwamba mshahara wake umekatwa asilimia 40 na pensheni imefutwa. Dunia nzima inawapigia makofi huku marubani wa kampuni yao wakishtakiana.

Desemba 2013 US Airways ikaungana na American, na 2014 APA, wale wa 1963, wakawa chama cha wote. USAPA kwisha kazi. Orodha moja ya marubani wote ilitoka Septemba 2016, miaka 9 baada ya Nicolau.

Karatasi bado iko mezani, chini ya kikombe cha chai. Nimehesabu sahihi 31. Kaka anakuja kuichukua kesho jioni. Kabla hajafika nataka nimpitie yule dogo aliyepewa chumba nilichokuwa nakitaka. Tangu wahamie hapa hata salamu hatujapeana.