Saratani ya titi la mwanamume na miaka mingi ya ubishi wa homoni

Oktoba ikifika, mabango huwaita akina mama wakapime matiti. Akina baba hawatajwi, ingawa katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mmoja hivi ni mwanamume. Wala si ugonjwa mpya kwao: mafunjo ya Misri yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith, ya takriban miaka 3,600 iliyopita, yanaeleza uvimbe kwenye titi la mwanamume na kukiri kwamba hauna tiba.

Mwaka 1896, George Beatson wa Glasgow alionyesha kwamba kuondoa ovari huweza kuifanya saratani ya titi inywee. Lakini aliyewafungulia wanaume mlango wa homoni ni Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa akichunguza majimaji ya tezi dume za mbwa, na mbwa wenye uvimbe wa tezi hiyo walimkera kwa kumvurugia kazi. Alipowahasi, uvimbe ukanywea. Tangu hapo akawa anawatafuta mbwa wa aina hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mwaka 1941 alitangaza kwamba wagonjwa wa saratani ya tezi dume hupata nafuu wakiondolewa korodani au wakipewa estrojeni. Mwaka uliofuata, madaktari Farrow na Adair wa New York waliripoti nafuu kama hiyo kwa mwanamume mwenye saratani ya titi, baada ya kumwondoa korodani.

Estrojeni ya maabara, stilbestroli, ikasambaa kama tiba ya saratani ya tezi dume. Wanaume walioitumia wakaota matiti yenye maumivu, na wachache wakapata uvimbe mgumu ndani yake. Hapo ubishi ukazuka. Wapo walioilaumu dawa kwa kuleta saratani mpya. Wengine wakashikilia kwamba ni ile ile ya tezi dume iliyohamia kifuani. Kwa hadubini peke yake ilikuwa vigumu kuamua. Baadaye vipimo vya kutambua protini ya tezi dume, PSA, kwenye kinyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe vilisaidia: uvimbe mwingine ulikuwa umetoka kwenye tezi dume, mwingine ulikuwa saratani ya titi hasa.

Tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1977, na wanaume wakapewa kwa kufuata majaribio ya wanawake. Hata mwaka 2019, Marekani iliporuhusu palbosiklibi, dawa nyingine ya saratani ya titi, kwa wanaume, ilitegemea zaidi kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kuitumia. Kutowafanyia wanaume majaribio yao wenyewe ni kuwapuuza wagonjwa. Mwanamume anayetumia dawa za homoni aambiwe wazi, siku ile ile anapoandikiwa: akiona uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, au chuchu kuingia ndani au kutoa damu, arudi hospitali bila kusubiri maumivu.