Gari lapiga kelele, usukani mzito baada ya kutoka kwa fundi: Pa kuanzia uchunguzi

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

DEREVA ambaye gari lake limetoka kwa fundi na sasa injini inapiga kelele huku usukani ukiwa mzito, anapaswa kulichukulia hilo kuwa tatizo moja kabla ya kulihesabu kuwa mawili. Mara nyingi dalili hizo mbili hutokana na kitu kimoja kilichoguswa wakati wa matengenezo, na kitu hicho huwa ni mkanda wa injini au mafuta ya usukani.

Kutolijua hilo huwagharimu wengi. Pampu ya usukani hung'olewa na kununuliwa nyingine, kumbe bolti moja ya mkanda haikukazwa. Wengine huamua kusafiri hivyo hivyo, na hapo gharama haiwi tena ya fedha peke yake.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupita Mlowo na Vwawa hadi mji wa mpakani wa Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019. Malori yaendayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mabasi, Hiace, Noah na magari yanayotolewa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa hadi nchi jirani, maarufu kwa jina la IT, yote hutumia njia hiyo moja.

Safari kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Gari likiharibika njiani, hutengenezwa palipo karibu, na mara nyingi palipo karibu ni gereji bubu. Katika gereji hizo wamo mafundi hodari waliojifunza kazi kwa miaka mingi, lakini wamo pia wanaobahatisha, na wapo wamiliki wanaofungua boneti wenyewe kwa spana za kuazima.

Kwa nini kelele na uzito huja pamoja

Katika magari mengi yenye usukani wa mafuta, injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa hadi kwenye mtambo wa usukani, na shinikizo hilo ndilo linalomsaidia dereva kuyageuza matairi kwa mkono mmoja.

Mkanda huo, au mwingine ulio kando yake, huzungusha pia altaneta inayochaji betri na, katika injini nyingi, pampu ya maji. Ndiyo maana fundi aliyeitwa kubadilisha altaneta au pampu ya maji anaweza kuuharibu usukani bila kukusudia, kwa kuwa alilazimika kuulegeza mkanda kwanza.

Mkanda ukirudishwa ukiwa umelegea, huteleza juu ya puli. Kuteleza huko hutoa mlio mkali, na pampu ikikosa mzunguko wa kutosha, usukani huwa mzito. Mlio na uzito huongezeka dereva anapokata kona akiwa katika mwendo mdogo, kwa sababu hapo pampu hufanya kazi kubwa wakati injini inazunguka polepole.

Kosa la kawaida lipo kwenye bolti. Katika magari mengi ya zamani mkanda hukazwa kwa kusogeza altaneta au pampu, kisha bolti ya kufungia hukazwa. Bolti hiyo ikisahaulika, mkanda huonekana sawa siku ya kwanza na kulegea baada ya safari chache.

Kukaza kupita kiasi nako ni kosa. Mkanda uliovutwa mno huzilemea beringi za altaneta na za pampu ya maji, nazo huanza kunguruma na hatimaye kufa. Makosa mengine ni kufunga mkanda wa urefu usio wake, au kuuweka mkanda wa mifereji ukiwa umeruka mfereji mmoja wa puli.

Wapo wanaopaka sabuni kwenye mkanda ili unyamaze. Dawa hiyo huziba mdomo wa mgonjwa bila kumtibu. Mlio hupungua kwa muda, mkanda huendelea kuteleza, na siku ukikatika, usukani, chaji ya betri na upoaji wa injini vinaweza kupotea kwa mpigo mmoja.

Mafuta na hewa

Iwapo mlio si mkali bali ni wa kuvuma au kulalama, nao hupanda kila usukani unapozungushwa, kinachoshukiwa kwanza ni mafuta ya usukani. Huenda yamepungua, au yameingiwa na hewa baada ya mpira kufunguliwa na kufungwa vibaya.

Dalili ya hewa huonekana kwenye kikopo cha mafuta hayo: povu au vipovu vidogo, na rangi iliyopauka. Mpira wa kurudishia mafuta uliolegea unaweza kuvuta hewa hata kama hautoi tone chini, kwa hiyo ukavu wa sakafu pekee hauthibitishi kwamba hakuna kasoro.

Aina ya mafuta ni jambo la kutiliwa mkazo. Magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa aina hii hutumia mafuta yale yale ya gia za otomatiki, lakini si yote, hivyo maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha kikopo au katika kitabu cha gari ndiyo ya kufuatwa. Mafuta ya breki hayafai kabisa kuwekwa humo, kwani huharibu sili za mpira zilizotengenezwa kwa mafuta ya aina nyingine. Kinyume chake nacho ni hatari zaidi: mafuta ya usukani yakiingia kwenye mfumo wa breki huziharibu sili zake, na breki zinaweza kushindwa.

Kutoa hewa kunahitaji subira kuliko vifaa. Matairi ya mbele huinuliwa kwa jeki na gari kuegemezwa kwenye stendi imara, kikopo hujazwa hadi alama, kisha usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, huku mafuta yakiongezwa yanapopungua. Baada ya hapo injini huwashwa na zoezi kurudiwa hadi povu liishe.

Ikumbukwe kwamba mlio mfupi unaosikika usukani unapokatwa hadi mwisho kabisa ni wa kawaida. Kinachokatazwa ni kuushikilia hapo kwa sekunde nyingi, kwani shinikizo na joto hupanda na kuichakaza pampu.

Magari yasiyo na pampu

Magari madogo mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, ikiwamo Toyota Vitz, hutumia usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Hayana pampu wala kikopo cha mafuta, na fundi anayetafuta mahali pa kuongezea mafuta anapoteza muda wa mteja.

Katika magari hayo usukani ukiwa mzito baada ya matengenezo, vya kuangaliwa ni betri na vichwa vyake, fyuzi, na plagi ya waya iliyochomolewa na kusahaulika. Taa ya onyo ya usukani kwenye dashibodi huwaka katika hali nyingi za namna hiyo. Hata hapa mkanda unaweza kuhusika, kwa kuwa altaneta isipochaji vizuri, mota hukosa umeme wa kutosha.

Kwa upande wa malori makubwa, mengi pampu zake huzungushwa na gia za injini badala ya mkanda. Huko uchunguzi huanzia kwenye kiasi cha mafuta, chujio lake na mipira.

Kelele zenye chanzo kingine

Ikiwa sauti haibadiliki hata kidogo usukani unapozungushwa, basi huenda kweli matatizo ni mawili, na kila moja litafutiwe chanzo chake.

Mgongo mzito kutoka ndani ya injini, hasa ukiambatana na taa nyekundu ya oili, ni amri ya kuzima injini papo hapo. Huenda oili haikurudishwa ya kutosha, chujio limefungwa vibaya, au bolti ya kumwagia oili imelegea. Kuendelea kilometa chache katika hali hiyo kunaweza kuua injini nzima.

Sauti ya kupumua kwa vishindo, kubwa injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto, kwa kawaida hutoka kwenye gasketi ya ekzosti iliyorudishwa ikiwa imechakaa. Kishindo kinachosikika gia inapoingizwa huashiria mpira wa kushikilia injini usiokazwa. Gari lililobadilishwa mkanda wa taimingi likawa gumu kuwaka na kukosa nguvu, lisiendelee kuwashwashwa, kwani mkanda ulioruka jino unaweza kusababisha valvu na pistoni kugongana katika baadhi ya injini.

Kwa usukani, uzito usio na mlio mara nyingi hutoka chini ya gari. Matairi ya mbele yenye upepo mdogo ndiyo sababu rahisi kuliko zote, na huangaliwa kwanza. Zinafuata bolijointi kavu, alaimenti iliyoharibika baada ya kubadilisha tairodi, na jointi ya nguzo ya usukani iliyofungwa ikiwa imekaza.

Namna ya kupima

Yeyote anaweza kufanya uchunguzi wa awali bila kufungua kitu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mkanda huangaliwa kama una nyufa, oili au kingo zilizochanika, na mafuta ya usukani hupimwa kwa alama ya kikopo.

Kisha gari lisimame mahali tambarare, injini iwashwe na mtu mmoja azungushe usukani polepole huku mwingine akisikiliza kwa mbali. Mlio mkali ukizidi na taa ya betri kupepesa, mshukiwa ni mkanda. Uvumaji ukizidi, mshukiwa ni mafuta au pampu. Nguo zinazoning'inia, kanga na mikono ya shati visikaribie mkanda unaozunguka.

Mwisho, matairi ya mbele yakiinuliwa na injini kuzimwa, usukani unapaswa kuzunguka bila kukwama. Ukibaki mgumu au ukishika sehemu moja na kuachia nyingine, kasoro ipo kwenye jointi au mtambo wa usukani wenyewe, na hapo panahitaji fundi mwenye vifaa.

Mteremko hauna msamaha

Usukani uliokosa msaada wa pampu haufungi. Bado hugeuza matairi, ila kwa nguvu nyingi. Dereva aliyejiandaa anaweza kulitoa gari barabarani salama. Aliyeshtukizwa akiwa kwenye kona za mlima Senjele, lori likiwa nyuma yake, hana nafasi hiyo.

Kwa baadhi ya magari ya dizeli hatari ni kubwa zaidi. Katika injini kadhaa za dizeli za Toyota, zikiwamo zilizofungwa kwenye Hiace nyingi, pampu inayozipa breki nguvu imeshikamana na altaneta. Mkanda ukikatika, usukani na breki vinaweza kuwa vizito kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo, kuzima injini kwenye mteremko ili kubana matumizi ya mafuta ni kujinyima msaada wa vyote viwili.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia barabarani gari lenye ubovu, na kauli kwamba gari limetoka kwa fundi muda mfupi uliopita haimwondolei dereva wajibu huo.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari ana kinga rahisi. Aandike kilichofunguliwa na kilichobadilishwa, adai risiti na vipuri vya zamani, na kulijaribu gari pamoja na fundi kabla ya kukamilisha malipo. Jaribio liwe na kona za kushoto na kulia katika mwendo mdogo, kwani gari linalokwenda vizuri kwenye mstari ulionyooka halijathibitisha lolote kuhusu usukani wake.

Kwa mafundi wenye ujuzi wasio na vyeti, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Cheti hicho humpa mteja mahali pa kuanzia anapochagua nani afungue boneti ya gari lake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari linalolia na kuwa zito mara baada ya matengenezo, ufa upo pale mkono wa mwisho ulipogusa, nao hupaswa kuzibwa kabla safari haijaanza.