Mafunzo ya kuogelea kwa watoto, Unguja Kaskazini

Kaskazini mwa Unguja, hasa Nungwi na Muyuni, mafunzo ya kuogelea kwa watoto yalipata sifa kupitia Mradi wa Panje, uliowaingiza majini wasichana ambao desturi iliwaacha ufukoni. Lengo si mashindano. Mwanafunzi hujifunza kubaki hai, na kumtoa mwenzake majini bila kuzama naye.

Mtu wa bara huenda akashangaa mtoto wa pwani kuhitaji mwalimu wa kuogelea. Kweli, wavulana wa Nungwi, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, hufundishana wenyewe tangu wadogo. Wasichana hawakuwa na mwanya huo: kuoga baharini hadharani kulihesabiwa kukosa stara, na nguo za kufaa hazikuwapo. Lakini bahari haikuwaepuka. Mama zao hulima mwani maji yakipwa, na kadiri bahari inavyozidi kupata joto, mwani wa karibu na ufuko hudhoofika, ikabidi baadhi yao wausogeze kwenye kina wakati kuogelea hawajui. Safari ya kisiwa cha Pemba nayo, kwa wengi, ni ya chombo cha majini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyopakia kupita kiasi, ilizama ikielekea huko, na mamia ya watu wakafa.

Suala la nguo lilipata jibu katika burkini, vazi lililobuniwa Australia na Aheda Zanetti mwaka 2004, lenye kuacha wazi uso, viganja na nyayo tu. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga wanafunzi picha mwaka 2016, na kazi hiyo ikatuzwa na World Press Photo mwaka 2018. Dunia ikalizungumza vazi. Pengine lililostahili kutazamwa zaidi ni somo lenyewe.

Somo huanza na kuelea chali: masikio ndani ya maji, kidevu juu, kifua kimejaa pumzi. Anayeweza kutulia hivyo hupata muda wa kuokolewa, hata kama hajui kupiga mikono. Uokoaji hufuata, na sharti lake la kwanza ni kutojitosa ovyo, maana anayezama humkumbatia mwokozi na kumzamisha. Arushiwe kamba, anyooshewe mti, au asukumiwe dumu tupu lililofungwa kifuniko, boya lisilokosekana katika nyumba nyingi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao wadogo mafunzo hayawatoshi; wanahitaji mtu mzima wa kuwaangalia, kisima chenye mfuniko na ndoo isiyoachwa na maji. Stadi za msingi za kuogelea shirika hilo hupendekeza zianze katika umri wa miaka 6. Nchini Bangladesh, mpango wa SwimSafe huwafunza watoto katika mabwawa ya vijijini yaliyojengewa jukwaa la mianzi. Anayefaulu ni yule aliyeogelea mita 25 na kuelea sekunde 30.

Mtoto aliyetolewa majini akiwa hapumui hupuliziwa pumzi papo hapo, kisha hukandamizwa kifua. Kumning'iniza kichwa chini au kumbinya tumbo ili ateme maji, jambo ambalo wengi bado hulifanya, hupoteza dakika ambazo ubongo wake hauna.