Misalaba ya Shaba ya Lualaba na Maswali ya Watafiti Wake

Tasnifu ya usanifu wa vitu, yaani andiko la kitaaluma linalojenga hoja kuhusu namna kitu fulani kilivyobuniwa, kilivyotengenezwa na kilivyotumiwa, hukwama mara nyingi kabla hata ya utafiti kuanza, kwa sababu swali lililochaguliwa haliendani na kitu chenyewe, au linaendana nacho lakini mbinu iliyochaguliwa haiwezi kulijibu. Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kuanzia Kolwezi kupitia Tenke na Fungurume kuelekea Likasi, kuna kitu kimoja ambacho historia ya kutafitiwa kwake inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Kitu hicho ni mkuo wa shaba wenye umbo la msalaba, ambao katika sura yake inayojulikana zaidi una mikono minne inayokaribia kulingana, upana wa sentimita 20 hivi na uzito wa karibu kilo moja. Kila kizazi cha watafiti kimeushika mkononi na kuuliza lake, na kila kimoja kimepata lile lililoulizwa bila kuona mengi yaliyokuwa kando yake.

Wa kwanza kuuliza kwa kalamu ya kisayansi alikuwa mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyefika Katanga mwaka 1892 na msafara wa Bia na Francqui, wiki chache tu baada ya Msiri, mtawala wa Wayeke, kuuawa tarehe 20 Desemba 1891 karibu na makao yake makuu ya Bunkeya, mji ambao leo, kama Fungurume, umo katika wilaya ya Lubudi. Swali la Cornet lilikuwa kiasi cha madini kilichomo ardhini, na mbinu zake zilikuwa nyundo, sampuli za mawe na ramani. Mashimo ya wachimbaji wenyeji aliyaona, kama walivyoyaona wapelelezi wa madini waliomfuata, lakini wote waliyachukua kama alama za kuwaonyesha shaba ilipo. Kwa swali lile hapakuwa na haja ya kumjua mtu aliyelichimba shimo, wala alikofikisha jiwe lake baada ya kulitoa. Jibu lilipatikana na lilikuwa kubwa: Union Minière ikaundwa mwaka 1906, tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba mwaka 1911, na reli ikapita Fungurume ikafika Bukama mwaka 1918. Ufundi wa wenyeji, ambao tayari ulikuwa umedhoofishwa na vita na utawala mpya, ukabaki katika kumbukumbu za wazee.

Ni wazee hao waliokuja kuulizwa na Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari wa shirika la Wabenedikto aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga, ambaye mwaka 1926 alichapisha makala ndefu kuhusu watu aliowaita walaji wa shaba. Yeye hakuuliza kiasi, aliuliza namna. Mbinu yake ilikuwa kuwaomba wafua shaba wa zamani warudie kazi yao mbele ya macho yake, na kwa sababu hiyo maandishi yake ni hazina hadi leo. Ndani yake msomaji anaona kazi iliyofuata majira, ikianza wakati wa kiangazi baada ya mavuno, ardhi ikiwa kavu na mikono ikiwa na nafasi. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, juu ya ardhi, na wanaume wakashuka mashimoni. Makaa yalichomwa kwa miti iliyochaguliwa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto mkali, na mivukuto ya ngozi ikasukuma hewa kupitia mirija ya udongo mpaka shaba ikajitenga na mavi yake, yaani taka za kuyeyushia. Shaba hiyo ya kwanza, ikiwa bado chafu, iliyeyushwa tena katika chombo cha udongo, ikamiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1085 za Selsiasi, na mafundi wale walilifikia joto hilo bila kipimajoto, kwa kuusoma moto kwa macho.

Hata hivyo, kazi iliyorudiwa kwa ombi la kiongozi wa dini wa kigeni, miaka mingi baada ya soko lake kufa, haiwezi kuwa sawa kabisa na kazi iliyofanywa kwa ajili ya ushuru, mahari na biashara. Mtafiti anayejenga hoja juu ya onyesho la namna hiyo analazimika kuuliza ni nani aliyeliagiza, ni nani aliyekuwepo na ni lipi lililofichwa kwa makusudi, maana ufundi wa tanuru ulikuwa na dawa, miiko na siri za ukoo ambazo bwana wa tanuru hakuwa na sababu ya kumwaga mbele ya padri.

Swali la tatu, la matumizi ya msalaba, lilizuka kaskazini, kando ya Mto Lualaba katika bonde la Upemba, ambako makaburi ya Sanga kwenye Ziwa Kisale yalichimbuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Hapo mbinu zilikuwa kupanga vyungu kwa mfuatano wa mitindo yake na kupima umri kwa kaboni ya mionzi, lakini kilichozaa matunda zaidi ni uangalifu wa mahali kitu kilipolala. Katika makaburi ya kipindi kiitwacho Kabambia, kinachoanza karibu na karne ya 14, misalaba mikubwa kiasi huonekana ikiwa imewekwa kifuani mwa marehemu. Baadaye huonekana midogo, mingi, iliyokaribiana kwa ukubwa, karibu na mikono au kiunoni. Kutokana na hayo de Maret alijenga hoja kwamba kitu cha heshima kilikuwa kimegeuka polepole kuwa fedha. Hoja hiyo isingepatikana katika misalaba iliyokusanywa kiholela na kupelekwa kwenye makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya, kwa kuwa msalaba uliotenganishwa na mkono wa marehemu wake umepoteza nusu ya ushahidi wake.

Baada ya hapo maswali yalihamia kwenye asili ya shaba. Wataalamu wa mimea, miongoni mwao Pierre Duvigneaud na François Malaisse, walichunguza vilima kama vya Fungurume, ambavyo havina miti mikubwa kwa sababu udongo wake umejaa shaba, na wakaonyesha kwamba ua dogo liitwalo Haumaniastrum katangense huota pia juu ya udongo uliochafuliwa na matanuru ya kale, hata likaweza kuwaelekeza wanaakiolojia mahali pa kuchimba. Frederik Rademakers, Nicolas Nikis na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walipima isotopu za risasi, yaani aina za atomi za risasi zinazotofautiana kwa uzito, ambazo uwiano wake katika shaba hubeba alama ya mwamba ilikotoka. Mbinu hiyo ina nguvu, lakini ina mpaka wake: shaba ya machimbo mawili ikiyeyushwa pamoja, alama zake huchanganyika.

Katika safu hii yote, swali la msanifu halijapewa nafasi yake. Kwa nini msalaba? Mche ulionyooka ni rahisi zaidi kumimina. Je, mikono minne ilisaidia kufunga mizigo kwa kamba na kuining'iniza kwenye mti wa mpagazi, au ilirahisisha kukata kipande cha malipo, au umbo lenyewe lilikuwa muhuri wa fundi na mtawala wake? Christopher Frayling, katika makala ya mwaka 1993 aliyoiandika Royal College of Art ya London, alitofautisha utafiti juu ya usanifu, utafiti kwa ajili ya usanifu, na utafiti kwa njia ya usanifu, ambao ndani yake kutengeneza ndiko kuchunguza. Maswali ya umbo la msalaba ni ya aina hii ya tatu: hujibiwa kwa kutengeneza kalibu, kumimina, kufunga, kubeba na kukata, huku kila jaribio lililoshindikana likiandikwa kwa uaminifu uleule wa lililofaulu, kisha matokeo yakilinganishwa na misalaba ya makaburini.

Mbinu ya mikono pekee haitoshi, kwa maana hakuna fundi aliyefanya kazi yake nje ya jamii. Kusini mwa Kongo kuna mfano mzuri wa watu kuiuliza historia yao wenyewe: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Kuanzia mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huo. Mwanafunzi wa usanifu wa Kolwezi au Fungurume anayekwenda kwa wazee wa Wasanga na Wayeke wa eneo hilo hana budi kuwauliza kwanza wao wangependa kujua nini kuhusu kazi ya mababu zao, kabla ya kuwafungulia orodha ya maswali aliyoiandaa chuoni.

Muda wa kufanya hivyo unapungua. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, na tangu hapo vilima kadhaa vya eneo hilo vimegeuka mashimo ya wazi, pamoja na maua yake na chochote kilichobaki cha mashimo na mavi ya shaba ya kale. Vyuo vya Kolwezi na Lubumbashi viwatume wanafunzi wao huko sasa, wakapime, wachore na kusikiliza, kabla mwamba uliobeba ushahidi huo haujapelekwa kiwandani.