Mumiani na Vampaya: Taharuki, Usimulizi na Hofu katika Riwaya ya Dracula

Miongoni mwa maswali ambayo watafsiri na walimu huyaleta mbele ya wanaistilahi, yapo yanayoonekana madogo lakini mizizi yake ni mirefu. Swali moja la aina hiyo limetoka kwa walimu wa Lamadi, mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Speke katika Wilaya ya Busega, mahali ambapo barabara ya kwenda Bariadi huachana na ile iendayo Musoma kutoka Mwanza. Walimu hao walikusudia kuwasimulia wanafunzi wao riwaya ya Dracula, iliyotungwa na Bram Stoker na kuchapishwa mwaka 1897, ili kuwafundisha maana ya taharuki. Wakauliza: yule bwana anyonyaye damu aitweje kwa Kiswahili? Wenyewe walikuwa wamekwisha kupendekeza mumiani. Pendekezo hilo hatuliafiki, na sababu zetu zimo katika namna riwaya yenyewe inavyosimuliwa na katika historia ya neno mumiani.

Riwaya ya Dracula ni ya kundi liitwalo riwaya za Kigothi, ambalo asili yake huhesabiwa tangu Horace Walpole alipotoa kitabu chake cha Otranto mwaka 1764: majumba ya kale, usiku, makaburi, na siri ya ukoo. Stoker hakubuni mandhari hayo. Alichokifanya ni kumwondoa msimulizi mmoja. Kitabu chote ni mkusanyiko wa karatasi: shajara ya wakili kijana Jonathan Harker, barua za Mina na Lucy, simu za maandishi, vipande vya magazeti, na kumbukumbu ambazo Daktari Seward alizisema katika mashine ya kunasa sauti. Kila mwandishi anaandika usiku uleule au kesho yake, asijue yatakayofuata. Dracula mwenyewe hakupewa shajara. Twamwona kwa macho ya wengine tu, na kwa sehemu kubwa ya kitabu hatumwoni kabisa.

Nguvu ya mpango huo yaonekana katika habari ya merikebu Demeter. Mabaharia wanapotea mmoja mmoja, na nahodha anaandika katika daftari lake kwamba haelewi. Chombo kinaingia bandari ya Whitby katikati ya tufani, naye nahodha ni maiti aliyefungwa kwenye usukani. Mwandishi wa gazeti anaieleza habari hiyo kama ajabu ya bahari. Msomaji, ambaye alikuwa pamoja na Harker katika jumba la milimani, anajua kilichomo ndani ya yale masanduku ya udongo. Nahodha hajui, gazeti halijui, mji haujui. Hapo msomaji anashikwa, wala hakuna wa kumwonya.

Kushikwa huko ndiko tunakokuita taharuki. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa haraka na harakati, nalo kwa asili lina maana ya kutikisika na kuhangaika. Neno la Kiingereza kwa jambo hilohilo lilitokana na Kilatini, na maana yake ya kale ni kuning'inizwa. Tofauti hiyo si ndogo. Tutazame Harker anaponyoa ndevu mbele ya kioo: mkono unamgusa begani, anageuka, Dracula yupo, lakini ndani ya kioo hayupo mtu. Hakuna kinachokwenda mbio katika tukio hilo. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi kwamba taharuki ni mambo kwenda kwa kasi atakuwa amelifuata neno na kukiacha kitu. Usemi wetu wa kawaida, kuwa roho juu, unakikaribia zaidi, na si ajabu kwamba wasimulizi wa hadithi huutumia bila kufundishwa na mtu. Hatudai kwamba istilahi iliyokwisha kuzoeleka ibadilishwe. Twadai tu kwamba ielezwe kwa usemi huo.

Kwa upande wa hisi, Kiswahili hakina upungufu wowote. Tatizo la mtafsiri ni kuchagua. Woga ni tabia ya mtu. Hofu ni hali inayompata. Wasiwasi hauna sababu inayotajika, na ndio unaompata Harker garini, wanakijiji wanapomfanyia ishara ya msalaba. Kiwewe ni cha mtu aliyekwisha kuona, kama alivyoona yeye bwana yule akishuka ukutani kichwa chini. Mtafsiri akiandika hofu katika mahali pote hapo, ngazi ambayo Stoker aliijenga kidato kwa kidato itakuwa sakafu tupu.

Sasa turudi kwa mumiani. Neno hili lilitujia kutoka Kiajemi, na kwanza lilikuwa jina la kitu: utomvu mweusi uliouzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Ndilo neno ambalo Wazungu walilipokea kwa njia ya Kiarabu wakaita maiti zilizokaushwa za Misri. Tena maduka yao ya dawa yaliuza unga wa maiti hizo kwa karne kadhaa, jambo ambalo waandishi wao waliocheka imani za Waafrika hawakulikumbuka sana. Katika pwani yetu watu walikuja kuamini kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka mjini, watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Kisha neno likahama ngeli: kutoka mumiani hii, dawa, hadi mumiani huyu, mtu aichukuaye damu. Wakati wa ukoloni, uvumi wa namna hiyo ulienea Kenya na Uganda kwa jina la wazimamoto, na Katanga kwa jina la batumbula. Mwanahistoria Luise White aliukusanya katika kitabu chake cha mwaka 2000.

Usimulizi wa mumiani ni kinyume cha ule wa Stoker. Hauna shajara wala tarehe. Husemwa kwamba jirani wa fulani alichukuliwa, na fulani mwenyewe hapatikani. Tena msikilizaji hajui zaidi ya mhusika, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mhusika: leo usiku atapita njia ileile.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Lamadi akiambiwa kwamba Dracula alikuwa mumiani, hasikii hadithi, anasikia habari. Na katika nchi hiyo habari za namna hii zimeua. Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo ndiyo iliyomegwa mwaka 2012 kuunda Mkoa wa Simiyu. Vikongwe walishukiwa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Msukuma humwita mchawi nogi, na uchawi bulogi, mzizi mmoja na kuroga kwetu. Maneno hayo hayatamkwi kwa mchezo. Kuanzia mwaka 2007 yakafuata mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa. Wanaistilahi wanajua jinsi ilivyokuwa lazima kuliacha neno zeruzeru, lililomfanya binadamu aonekane kama kitu.

Mnyonyaji nalo halifai. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo lina kazi yake katika siasa, pamoja na kupe na mirija, na Dracula angegeuka kuwa kabaila tu. (Wapo wahakiki watakaosema kwamba ndivyo alivyo. Na waseme, lakini baada ya kusoma.) Mzimu na pepo ni vya dini na mila zetu, wala havinyonyi damu. Sisi twapendekeza vampaya, la ngeli ya a-wa, liandikwe hivyo bila kuonewa haya. Waingereza wenyewe walilikopa katika karne ya 18 kutoka lugha za Waslavi. Ugeni wake ni faida: hakuna bibi kizee wa Lamadi anayeweza kuitwa vampaya na jirani yake.

Mwalimu anayetaka mandhari ya nyumbani anacho kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau. Humo maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wanataja mizimu, naye Bwana Msa anavuta kiko chake na kumtafuta muuaji miongoni mwa walio hai. Visomwe vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Na mtafsiri wa Dracula asiupunguze ule ukurasa wa mwisho, ambapo Harker anakiri kwamba katika karatasi zote hizo karibu hakuna hata moja ya asili: zilizobaki ni nakala alizozipiga Mina kwa taipu, nao hawamtarajii mtu yeyote aziamini.